Tulimpigia Mgeni Makofi

Watu wa kwetu milimani tukikupigia makofi, usikimbilie kufurahi. Kwanza jiulize wewe ni nani pale. Kama ni mwenyeji, huenda tumekubali ulichosema. Kama ni mgeni, tumekupa tu heshima yako, kama tunavyokupa kiti na uji wa moto, na moyoni kila mtu amebaki na lake. Mtoto wa Kishambaa anaijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma. Mtu wa kuja atajuaje? Na sisi wenyewe hatukuwahi kufikiri kwamba adabu yetu hiyo ingeweza siku moja kumwelemea mama yangu, tena akiwa mjamzito.

Mgeni wetu alikuwa mwalimu. Alikuja kutufundisha darasa la sita miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, wakati redio ilikuwa haimalizi habari bila kutaja vijiji. Kijana mwembamba wa kutoka Tanga chini, mwenye ndevu chache alizozitunza kama miche ya kitalu. Alikuwa amesomeshwa mpaka Ulaya, akarudi, na badala ya kutafuta ofisi yenye feni akaomba mwenyewe aletwe huku juu, mahali ambapo gari la Lushoto lilikuwa linageuzia mbali na wewe unamalizia kwa miguu. Watu walinong'ona, "Huyu lazima ana kesi huko alikotoka." Hakuwa na kesi yoyote, maskini. Baba akampa chumba cha uani, na baada ya wiki chache akawa mtu wa nyumbani.

Alichokuwa nacho ni fikra. Alisema haya tunayoyaita maendeleo ni mtego. Mashine, bomba, barabara, pesa, hata saa ya mkononi, kila kimoja kinakuja na mwenyewe nyuma yake, na ukishakizoea yule mwenyewe ndiye anayekuzoea wewe. Binadamu alikuwa huru, alisema, alipokuwa na jembe, moto na jirani. Hakuyasema kwa kelele. Aliyasema taratibu huku anakula makande, na akimaliza anaosha sahani yake mwenyewe. Viatu vyake alivitundika ukutani, akawa anatembea peku kwenye ule udongo mwekundu na baridi ya Juni, mpaka visigino vikapasuka na mama akawa anampaka mafuta ya nyonyo. Mimi niliyekuwa naomba viatu kila Krismasi, nikiviona vile vimening'inia bure pale ukutani, roho iliniuma jamani.

Lakini usimcheke haraka. Jioni moja, tukiwa jikoni tunaota moto, mama alimuuliza hizi chuki zake na vyuma zimetoka wapi. Akatueleza. Baba yake alikuwa kibarua wa mkonge huko chini, kwenye korona, ile mashine ya kuparua majani ya katani. Siku moja mashine ikauvuta mkono wake wa kulia pamoja na majani. Walimpa blanketi na nauli ya kurudi kwake. Tangu hapo mwalimu, akiwa mtoto mdogo, ndiye aliyekuwa anamfunga baba yake vifungo vya shati kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na baba anageuza uso pembeni asionekane. Mama aliyasikiliza yote haya akiwa ameshika mwiko bila kukoroga chochote. Siku ile nyama iliyokuwa sufuriani, kipande kikubwa kilikwenda kwa mwalimu. Mama alimpenda yule kijana kama mwanawe wa kumzaa.

Na habari ya kuzaa ndiyo iliyokuwa habari ya nyumba yetu mwaka ule. Baada yangu mama alipoteza mimba mbili, zote akitoka mtoni na debe kichwani. Sasa alikuwa na ya tatu, imefika miezi mitano, na muuguzi wa hospitali ya Lushoto alimwambia waziwazi: hii ukitaka ikae, usibebe kizito. Ni rahisi kusema! Maji yetu yalikuwa chini bondeni, njia yenyewe inashuka mpaka magoti yanatetemeka, na wakati wa mvua unapanda huku umeshika magugu kama unapanda ukuta. Mimi nilibeba ndoo yangu kabla ya shule na baada ya shule. Lakini kulikuwa na kupika, kuoga, kufua, na ng'ombe wa ndani, ambaye yeye hajui mimba ya mtu, anataka maji yake tu. Kwa hiyo mama alibeba. Alibeba anaomba Mungu, midomo inacheza njia nzima.

Utaniuliza baba alikuwa wapi. Baba alikuwepo, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, alikata majani ya ng'ombe, alipasua kuni, alilima mpaka mgongo ukawa mbichi. Lakini maji! Mwanamume wa kwetu aonekane na debe kichwani? Kijiji kizima kingesema amelishwa limbwata. Mama akirudi, yeye aliinuka kwenye kigoda akasema, "Pole, mama watoto," kwa huruma ya kweli kabisa, kisha akaniita mimi nije nimtue.

Basi ikaja habari ya bomba. Serikali ingetoa mabomba, na sisi wananchi tungechimba mtaro kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja inayopigiwa baragumu. Kama tungeanza mara moja, maji yangemtangulia mtoto. Mama aliposikia alikaa kwenye kinu kilicholala, akacheka peke yake. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo muda mrefu.

Bwana maji alikuja kutoka Lushoto kututaka kauli yetu. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, wanaume kwenye madawati, wanawake kwenye nyasi pembeni. Alieleza vizuri, wazee wawili watatu wakasimama wakashukuru. Kisha mwenyekiti, kwa ile desturi yetu kwamba mgeni hapitwi, akasema, "Na mwalimu wetu naye atupe neno." Angejua!

Mwalimu alisimama peku. Alizungumza, jamani, nisiwe mchoyo, alizungumza vizuri mpaka ndege walinyamaza. Alisema, "Wazee wangu, bomba lina ncha mbili. Ncha hii inatoa maji. Ncha ile amekaa mtu mwenye koki. Leo mnakunywa kwa Mungu, hamumwombi mtu. Kesho mtakunywa kwa ruhusa." Alisema mtoni wanawake wanaimba, wanacheka, wanafundishana mambo, na bombani hakuna atakayecheka, kila mtu atachota na kwenda zake. Alisema sisi si maskini, tumeambiwa tu kwamba ni maskini. Alipokaa, sauti ilikuwa inamtetemeka, na sisi tukampigia makofi. Tulipiga sana. Mgeni ameumia moyo mbele yetu, utamwacha hivihivi?

Bwana maji, naye mtu wa kuja, mtu wa huko Ziwani, akashangaa. Akauliza, "Kwa hiyo mnakubaliana na mwalimu?" Nani angeanza? Kumkatalia mgeni mbele ya watu ni sawa na kumnyang'anya sahani mkononi. Akauliza tena. Wazee wakatazama vidole vya miguu yao. Bwana maji akafunga mkoba wake akasema basi, hakuna kulazimishana, viko vijiji vinavyolilia mabomba hayo. Akaondoka.

Baba alikuwa amepiga makofi kama wengine. Mama hakupiga. Alikuwa amekaa pale nyasini, mikono ameiweka chini ya khanga, juu ya tumbo.

Nyumbani sikuwahi kumsikia mama akimpandishia baba sauti, na hata siku ile hakupandisha. Alisema tu, "Hata wewe?"

"Ulitaka nimwaibishe mgeni? Mgeni anayelala kwangu?"

"Na mimi ninalala kwa nani?"

Baba akatoka nje. Mimi nilikuwa nachambua maharage, nikaendelea kuyachambua hata yale yaliyokwisha chambuliwa. Chakula cha baba kilipoa mezani, kuku wakakimaliza asubuhi.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda chumba cha uani, akabisha hodi. Mwalimu akatoka, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo twende wote mtoni, ukanitwishe."

Debe likijaa, mbebaji hawezi kulipandisha kichwani peke yake. Lazima awepo wa kumtwisha, na akifika nyumbani awepo wa kumtua. Mwalimu alifurahi kuombwa. Alishuka ile njia anaruka mawe kama mbuzi, mimi na mama nyuma taratibu. Tukawakuta wanawake, na kweli walikuwa wanacheka, kuna jirani yetu mmoja mwenye mdomo alikuwa anamwigiza mumewe anavyokoroma. Mwalimu akawasalimia kwa Kishambaa chake cha kujifunza, "Onga makeo," wakaitikia kwa shangwe. Akanigeukia mimi macho yanang'aa, akasema, "Umeona? Haya ndiyo niliyokuwa nasema."

Mama alijaza debe. Akaweka tawi la majani juu ya maji yasimwagike. Akazungusha kata yake ya majani ya mgomba, akaiweka kichwani. "Haya. Nitwishe."

Mwalimu aliinama, akalinyanyua, mishipa ikamtoka. Akaliweka. Na kwa kuwa alikuwa amesimama karibu, uso kwa uso, aliiona shingo ya mama ikizama mabegani. Aliuona mguu wake ukiipapasa njia, maana tumbo lilikuwa limeanza kumzuia asione anapokanyaga. Mama alipanda kidogo, akasimama, akafumba macho, mkono mmoja kwenye debe na mwingine kiunoni.

"Mama, ngoja nikutue," mwalimu akasema.

"Ukinitua hapa, yatapanda yenyewe?"

Hakuwa na hasira. Ningekuwa mimi ningemrushia yale maji. Yeye alizungumza polepole, kwa sababu ukiwa na debe kichwani huwezi kuzungumza haraka. "Ulisema vizuri juzi, mwanangu. Hata mimi nilipenda. Tunacheka hapa, ni kweli. Lakini wawili wangu waliishia kwenye njia hii. Mmoja ni pale kwenye lile jiwe. Wewe hukujua, kwa sababu hukuniuliza."

Mwalimu alilia. Alilia pale mbele ya wanawake, mtu mzima aliyefika Ulaya. Kisha akalichukua debe kutoka kichwani kwa mama, akalipandisha kichwani kwake. Sasa huyo hajawahi kubeba hata kibuyu kichwani! Hatua chache tu maji yote yalikuwa shingoni, mgongoni, kwenye suruali. Jirani yetu akapiga kelele, "Mwalimu, umeamua kuoga na nguo?" Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, na mama naye akacheka. Mwalimu, machozi bado hayajamkauka, akarudi mtoni akajaza tena.

Kuanzia hapo kila asubuhi mwalimu alikwenda mtoni. Kijijini maneno yakawa mengi: mke wa mzee wa kanisa amemlisha mwalimu limbwata, tena lile kali la kutoka pwani. Baba aliyasikia. Alivumilia, kisha asubuhi moja mwalimu alipofika mlangoni amelowa, baba akainuka kwenye kigoda chake, akalishika debe kwa mikono yake miwili, akasema, "Lete." Akalitua yeye. Lakini kulibeba kichwani kwake njiani, hilo bado lilimshinda.

Ni mwalimu aliyepata njia. Kule kwao Tanga wanaume wauza maji hawabebi kichwani, wanabeba mzega, mti begani na debe huku na debe huku. Akachonga mti, akamwonyesha baba jinsi ya kutembea nao bila kuyumba. Baba akauangalia ule mti kama Musa alivyoiangalia bahari ikipasuka. Kichwani hakuweka kitu, heshima yake ilikuwa salama begani! Akaanza kushuka mtoni mchana kweupe, anaitikia salamu za watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Waliomcheka walicheka wiki moja, wiki ya pili wakaja kuuliza mti ule ni wa aina gani.

Bega likachubuka, na lilipochubuka akili ikafunguka. Jioni baba alikuwa anakandwa na mama kwa maji ya moto, akasema, kama vile ni jambo alilosoma mahali, "Njia ile ni mbaya." Mama akasema, "Kumbe." Kesho yake baba na mwalimu waliteremka pamoja kwa miguu mpaka Lushoto, kwa bwana maji.

Baba alipenda sana kuyasimulia mazungumzo yale. Bwana maji aliwaambia, "Lakini si mlipiga makofi?" Baba akamjibu, "Tulimpigia mgeni, bwana. Maneno yake hatukuyapigia." Bwana maji alivua kofia akajikuna kichwa kwa muda mrefu. Ikabidi mwalimu mwenyewe aseme, "Mimi bado ninaamini niliyoyasema. Lakini nilikuwa nasema kwa shingo ya mtu mwingine." Mabomba yalikuwa yamekwisha kwenda kijiji cha jirani. Tuliambiwa tusubiri mzigo unaofuata.

Tukasubiri, na kwa miezi ile yote mama hakubeba debe. Alikaa. Alijisikia vibaya kukaa, alikuwa anazunguka nyumba anatafuta kazi, na baba anamfukuza akakae tena. Masika yalipokolea, yuko kitandani kwake, akazaa mtoto wa kike mwenye sauti ya baragumu. Baba alimpokea kutoka kwa mkunga, akamshika kama mtu aliyeshikishwa yai. Mwalimu alikuwa uani, mvua inamnyeshea, hataki kuingia na hataki kuondoka. Mama akasema, "Mwiteni kaka yake aingie ndani."

Mtaro tuliuchimba baada ya mavuno. Mwalimu alichimba kuliko watu wote na alibishana kuliko watu wote. "Siku mwenye koki akikasirika, mtanikumbuka," alisema, sururu hewani. Wanaume wakamjibu, "Chimba kwanza, mwalimu." Siku maji yalipotoka, yakiwa na rangi ya chai na kishindo cha hewa, alisimama nyuma ya watu amekunja mikono. Lakini nilimwona alipofikiri hakuna anayemtazama. Alikinga kiganja akanywa.

Na nitasema ukweli wote, maana mama asingependa niufiche. Miaka kadhaa baadaye, mwalimu ameshaondoka, tuliambiwa tuhame kwenye vilima vyetu tujenge pamoja, na sisi wa mgongo ule wa mlima tulichelewa. Bwana mmoja wa serikali akaja akaifunga koki yetu mpaka tutii. Tulirudi mtoni na madebe yetu. Wanaume walibeba mizega, hilo lilikuwa limebaki, na wote walikuwa wanamtaja mwalimu. Aliona mbali yule kijana. Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote, nimesikia wengine wengi wakija na fikra zao, huyu anataka turudi tulikotoka, yule anataka tukimbie mbele, na wote wanatupenda, sina shaka. Siku hizi swali langu kwao ni moja tu: umemuuliza aliyebeba? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Lakini nataka kumalizia na siku ile mwalimu alipohamishwa, mwaka uliofuata baada ya bomba. Mama alimjazia kikapu cha magimbi na plamu, akamvalisha vile viatu kwa lazima, kwa sababu huwezi kumsindikiza mwanao peku kama mkimbizi. Tulisimama kwenye bomba, mtoto yuko mgongoni kwa mama anavuta nywele zake. Mwalimu hakuondoka upesi. Alikuwa na kitu moyoni.

"Mama, niambie kweli. Kile kicheko cha mtoni hukikumbuki?"

"Nakikumbuka sana. Mbona nakwenda?"

"Unakwenda? Kufuata nini, na maji yako haya hapa?"

"Jumapili, tukitoka kanisani. Tunakaa na wenzangu kwenye mawe yale yale, tunacheka mpaka jua linaegemea, na lile jiwe langu nalikalia. Halafu napanda." Akamweka mtoto vizuri kwenye mbeleko. "Mgongoni mtoto, mwanangu. Kichwani sina kitu."